Siku nne za Shukrani na kikapu kimoja cha vitabu

Wapendwa wa Meza ya Vitabu,

Hamjambo. Tunaishi Louisville, Kentucky, huu ni mwaka wa sita tangu tutoke kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Nyumbani tuko sita: mimi na mume wangu, mama mkwe mwenye miaka 71, na watoto watatu wa miaka 14, 8 na 5.

Sikukuu ya Shukrani ya huku Marekani (Thanksgiving) inatuletea siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili. Mwaka jana niliapa kwamba tutasoma badala ya kila mtu kuinamia simu yake. Jumanne nikaenda maktaba nikabeba vitabu 17, vyote vina bata mzinga na majani ya rangi kwenye jalada. Vikasomwa viwili. Kijana wangu mkubwa, ambaye akili yake yote iko kwenye mpira wa kikapu, alisema hivyo ni vya watoto. Wa miaka 8 alikuwa amerudi shule na kofia ya karatasi yenye unyoya, akaniuliza hao watu wa manyoya wako wapi siku hizi. Sikuwa na jibu, wala vitabu nilivyobeba havikuwa nalo.

Mume wangu anafanya shifti za usiku kwenye ghala, na wiki hiyo kazi huzidi kwa sababu ya mauzo ya Ijumaa, kwa hiyo mchana analala. Bibi hasomi Kiingereza, na tangu atolewe mtoto wa jicho anasoma Biblia yake ya maandishi makubwa tu. Mimi Alhamisi nzima niko jikoni, tunategemea wageni tisa kutoka Dayton. Natamani riwaya ya Kiswahili, mara ya mwisho kusoma ilikuwa sekondari. Nimetenga dola 40. Tuchague nini, vingapi, na tuvipate wapi?

Mama Neema, Louisville

MEZA YA VITABU INAJIBU

Mama Neema, hatujambo, na bibi tufikishie shikamoo yetu.

Tuanze na ile hesabu ya 17, maana mambo yaliharibikia hapo. Siku nne zinasikika nyingi mpaka uzihesabu kwa saa za kukaa kitako. Alhamisi wewe ni wa jiko. Jumamosi wageni wanaaga na nywele za watoto zinasukwa. Jumapili kuna ibada, kisha mabegi ya shule. Ukijumlisha bila kujidanganya, mtu mzima wa nyumba yako ana saa sita za kusoma, saba akibahatika. Msomaji wa kawaida anakwenda kurasa 30 hadi 35 za riwaya kwa saa, kwa hiyo saa sita ni kurasa 200 hivi. Hicho ni kitabu kimoja. Basi kila msomaji apate kimoja, na nyumba nzima ipate viwili au vitatu vya kusomeana kwa sauti. Mtoto akiwekewa rundo anafungua ukurasa wa kwanza wa kila kitabu kama mtu anayeonja vyungu vya arusi, halafu anarudi kwenye simu akiwa ameshiba.

Na hizo saa sita, karibu nusu yake ziko Ijumaa asubuhi. Mumeo karudi alfajiri, amelala, na nyumba itake isitake iwe kimya mpaka mchana. Hakuna runinga, hakuna kudundisha mpira sebuleni. Wengi hupanga vitabu vya Alhamisi kwa sababu ndiyo siku yenye jina, kisha hushangaa kwamba havikuguswa. Wewe panga Ijumaa kwanza, kisha urudi nyuma.

Kijana wa miaka 14 mpe nafasi ya kuchagua kati ya vitabu viwili, si kumi, na vyote viwe vya Ijumaa hiyo. Cha kwanza ni The Crossover cha Kwame Alexander, kilichopata medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 2015. Ni hadithi ya ndugu pacha wacheza kikapu, imeandikwa kwa mashairi mafupi, na sehemu zake zimepangwa kama mechi, kuanzia kupasha misuli hadi robo ya nne na muda wa nyongeza. Kurasa zinaonekana nyingi lakini nyingine zina mistari michache tu, kwa hiyo hata kijana anayesema hapendi kusoma anaweza kukimaliza asubuhi moja, na ile raha ya kumaliza ndiyo inayomrudisha kwenye kitabu kingine. Ujue mapema kwamba baba yao anaugua moyo na anafariki. Kama nyumbani kuna msiba wa karibuni, mwambie kabla hajaanza.

Cha pili ni When Stars Are Scattered, simulizi ya picha ya mwaka 2020 ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed. Ni maisha ya Omar mwenyewe na mdogo wake Hassan wakikulia kambi ya Dadaab, Kenya: foleni ya mgao, shule, kusubiri jina litoke kwenye orodha ya wanaohamishwa. Nyie mmetoka Nyarugusu, mtakitambua bila kuelezwa. Kwa sababu hiyohiyo kisome wewe kwanza, kwa picha unakimaliza jioni mbili, kisha ukae na bibi umwonyeshe kurasa chache. Kuna wazee wanaofurahi kuonyesha kwa kidole, “hata sisi tulikuwa na hili”, na kuna ambao hawataki kabisa kurudishwa kule. Akiwa wa kundi la pili, kitabu kikae kwa kijana, kisiwekwe mezani.

Sasa wewe. Kwa mtu aliyekaa miaka bila riwaya ya Kiswahili tungechagua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Yusuf, kijana wa miaka 12, anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni, na baadaye anaingia bara na msafara wa biashara, miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtu aliyeishi karibu na Ziwa Tanganyika atauona msafara huo kwa macho mengine. Ila usisubiri Alhamisi kukianza. Kurasa 40 za mwanzo za riwaya yoyote ndizo ngumu, majina bado mageni na hujajua nani ni nani, na mtu aliyechoka na jiko hukwama hapo akadhani kitabu kibaya. Zisome wiki moja kabla, kumi kumi kila usiku. Ijumaa ukikaa na chai yako utakuta hadithi imeshashika kasi.

Kitabu hiki ndicho cha kutumia zile dola 40, maana riwaya za Kiswahili ni nadra kwenye rafu za maktaba za mitaa huko Marekani. Vingine vyote azima. Agiza mwanzoni mwa Oktoba. Vitabu vya Kiswahili mara nyingi husafiri kutoka mbali, au huchapwa nakala moja baada ya oda kuingia, na muuzaji anayeandika “kipo” anaweza kuwa na maana ya “kinaweza kupatikana”. Muulize kabla ya kulipa: kiko mkononi au kinaagizwa? Kama bei na nauli vinapita bajeti, nenda kaunta ya maktaba yako uombe kiazimwe kutoka maktaba nyingine. Peleka jina la mwandishi, la mtafsiri, la mchapishaji na mwaka, ukiandike “Peponi” kama kilivyo, usikitafsiri, kisije kikaletwa cha Kiingereza. Vyuo vinavyofundisha Kiswahili huwa na mikusanyo mizuri, na Chuo Kikuu cha Indiana kule Bloomington hakiko mbali nanyi. Njia hii inaweza kula wiki mbili hadi nne. Tarehe ya kurudisha hupangwa na maktaba iliyotoa, kwa hiyo usitegemee kuongezewa muda.

Kwa mumeo usilete riwaya. Mtu wa shifti anasoma vipande vya dakika 20 kabla ya usingizi, na riwaya ya vipande hivyo anaisahau kila siku. Mkusanyo wa hadithi fupi ndio unaomfaa. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed, una hadithi za waandishi mbalimbali, na ile iliyobeba jina la kitabu inamfuata mwanafunzi Mwafrika akihangaika Marekani. Kama hakipatikani, azima kitabu cha kusikiliza asikilize ndani ya gari akienda na kurudi. Kwenye ghala lenyewe asijaribu kuziba masikio. Forklifti haipigi hodi.

Swali la mwanao wa miaka 8 ni zito kuliko lilivyoonekana, na ndipo vitabu vingi vya msimu huu vinapoanguka. Jibu fupi la “wako wapi siku hizi” ni kwamba wapo. Watu wa taifa la Wampanoag, wenyeji wa asili wa Amerika, wanaishi Massachusetts mpaka leo, wakiwemo wa Mashpee na wa Aquinnah. Mpe kitabu Keepunumuk: Weeâchumun’s Thanksgiving Story cha mwaka 2022. Mmoja wa waandishi wake, Danielle Greendeer, ni Mwampanoag wa Mashpee. Ndani yake watoto wawili wa siku hizi wanamuuliza bibi yao habari za sikukuu, naye anawasimulia upande wa mahindi, yale mahindi yaliyowaokoa na njaa wageni kutoka Uingereza. Bibi anasimulia, wajukuu wanasikiliza. Hapo kwenu mtu wa kukaa kwenye kiti hicho yupo.

Wewe mwenyewe, Jumatano usiku, pitia 1621: A New Look at Thanksgiving cha Catherine O’Neill Grace na Margaret M. Bruchac. Ni cha mwaka 2001, kurasa 48 zenye picha nyingi. Si lazima mtoto akisome chote. Ni cha kukupa wewe majibu. Meli ya Mayflower iliwaleta wageni hao wa Uingereza, abiria 102, mwaka 1620, na karibu nusu walikufa majira ya baridi ya kwanza. Karamu yenyewe ya 1621 tunaijua zaidi kutokana na barua ya Edward Winslow, mmoja wa abiria hao, anayesema kiongozi wa Wampanoag, Massasoit, alikuja na watu wapatao 90, wakala siku tatu, na kwamba watu hao wa Massasoit walileta paa watano. Bata mzinga hatajwi kwa jina kwenye barua hiyo, Winslow anasema ndege tu. Wampanoag walikuwa wametoka kuzika watu wao kwa maelfu kwa magonjwa ya 1616 hadi 1619. Sikukuu ya taifa zima ilikuja baadaye sana: Rais Lincoln aliitangaza mwaka 1863, baada ya mhariri Sarah Josepha Hale kuidai kwa miaka mingi, na Bunge likaifunga kwenye Alhamisi ya nne ya Novemba mwaka 1941. Na tangu 1970 kuna wenyeji wa asili wanaokutana Plymouth, Massachusetts, siku hiyohiyo kuomboleza. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuambiwa yote hayo, kidogo kidogo, bila kunyang’anywa chakula chake.

Ukikutana na kitabu kingine cha msimu huu na hujui kama kinafaa, kipime pale pale kwenye rafu. Je, wenyeji wanaitwa kwa jina la taifa lao, au ni “Wahindi” tu, kundi zima bila jina la mtu hata mmoja? Je, kuna mmoja wao anayesema neno, au wanaleta mahindi na kutabasamu? Kisha fungua kurasa za mwisho. Mwandishi aliyefanya kazi yake huacha maelezo nyuma ya kitabu, akisema alijifunza kwa nani. Vile 17 vyako, tunabahatisha, vingi vingeanguka kwenye swali la kwanza.

Kuna na kipimo cha ugumu. Mpe mtoto ukurasa wa katikati ausome kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole viwili au vitatu, kitabu chake. Vitano, akirudishe. Kipimo hiki ni cha kitabu atakachosoma peke yake. Cha kusomewa kinaweza kumpita kimo.

Alhamisi, basi. Bata wa pauni 14 asiyejazwa kitu tumboni, kwenye oveni ya nyuzi 325 za Farenhaiti, anahitaji saa tatu mpaka tatu na dakika 45 (kipimajoto kisome 165 kwenye nyama nene ya paja, hilo halina mjadala hata kama kitabu ni kitamu). Katika muda huo kuna vipindi viwili vya dakika 15 ambavyo hata wewe unaweza kukaa, cha kwanza akishaingia tu na sahani zikishaoshwa. Baada ya kula usijaribu. Wengine wanasinzia, wengine wanaangalia mpira wa Kimarekani, na wageni tisa wana habari zao.

Cha vipindi hivyo ni Thank You, Omu! cha Oge Mora, cha mwaka 2018. Bibi anapika mchuzi mzito mwekundu, harufu inatoka dirishani, watu wanagonga mlango mmoja mmoja, naye anawagawia mpaka chungu kinabaki kitupu. Hatukuharibii mwisho. Neno shukrani halihubiriwi ndani, na tunakipenda kwa sababu hiyo. Vitabu vinavyomwagiza mtoto ashukuru kila ukurasa huchosha kabla ya picha ya tatu. Soma Kiingereza kimya kwa jicho, sema Kiswahili kwa mdomo. Ili usijikwae, kipitie mara moja Jumatano usiku na uamue mapema maneno matatu au manne yanayorudi. Kila mtu anapogonga mlango kitabuni, wewe sema “hodi” na wa miaka 5 agonge meza, bibi aitikie “karibu” kutoka kwenye kiti chake. Baada ya mgeni wa pili hawatahitaji kukumbushwa. Kingine cha aina hiyo ni Mama Panya’s Pancakes cha Mary na Rich Chamberlin, cha mama na mwanawe Kenya: mtoto anamwalika kila anayekutana naye njiani, mama anahesabu unga moyoni. Kina maneno ya Kiswahili ndani, kwa hiyo bibi ataingia bila mkalimani.

Bibi mwenyewe tusimwache na picha za watoto. Maandishi makubwa, yale ya pointi 16 na kuendelea, yana rafu yake maktaba, lakini ya Kiswahili ni vigumu kuyapata. Suluhisho la kwanza ni tableti: ukipata maandishi ya Kiswahili kwa kielektroniki, kuza herufi mpaka mstari ubaki na maneno matano au sita, si chini ya hapo, maana jicho litachoka kuruka mistari. Weka rangi ya nyuma iwe krimu badala ya nyeupe kali, na taa itokee nyuma ya bega lake, isimulike usoni wala isipige kioo. La pili, na sisi tunalipenda zaidi, ni hekaya za Abunuwasi zikisomwa na huyo kijana wa miaka 14. Ni fupi, za kuchekesha, na Kiswahili chake cha kusoma lazima kimeanza kushika kutu. Bibi atamkatiza: “Siyo hivyo, sisi tuliambiwa vingine.” Mwache amkatize. Simu iwe pembeni inarekodi.

Tarehe sasa. Mwaka 2026 sikukuu ni Novemba 26. Vitabu vya picha vya msimu huu huanza kuadimika kwenye rafu kabla ya katikati ya Novemba, kwa hiyo weka nafasi kwenye mtandao wa maktaba si baadaye ya tarehe 2, kwa kadi yako na namba ya siri. Vikifika huwekwa rafu ya vilivyohifadhiwa kwa siku chache tu kisha hupewa wengine. Soma taarifa, iandike siku ya mwisho. Vichukue kabla siku hiyo haijapita, na si baadaye ya Jumamosi tarehe 21. Usingoje Jumatano, maktaba nyingi siku hiyo hufunga mapema na Alhamisi hazifunguliwi kabisa. Kwa vile vya kusikiliza na vya kielektroniki kupitia Libby, programu ya simu ya kuazima vitabu vya maktaba, kitabu ulichoombea kikiwa tayari una siku tatu za kukichukua. Kikija mapema mno, bonyeza kiletwe baadaye, kisije kikaisha muda wake bata akiwa bado kwenye friza. Na vipakue kwa intaneti ya nyumbani, siyo barabarani.

Weka vyote kwenye kikapu kimoja pale mnapokaa, siyo kwenye rafu ya chumbani. Andika majina yake kwenye karatasi ndani ya kikapu, kwa sababu wageni wa Dayton wana watoto, na kitabu chembamba cha picha kina tabia ya kusafiri ndani ya begi la mtu. Jumamosi kabla gari halijaondoka, hesabu.